Roosevelt na bunduki yake ya simba

THEODORE Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani, alitua Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kuondoka madarakani. Jicho lake la kushoto lilikwisha kupoteza nuru kwa konde alilopigwa akicheza masumbwi Ikulu, na mwenyewe alikiri hakuwa mlengaji hodari.

Kwa simba alichagua Winchester toleo la 1895. Mwindaji husukuma wenzo ulio chini ya kifyatulio, ganda likaruka; akiurudisha, risasi nyingine huingia. Kwa mtu ambaye risasi ya kwanza yaweza kukosa, wepesi huo ulikuwa uhai wenyewe.

Kwa tembo hakuitegemea; alishika bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500, idadi ya kutisha.

Roosevelt alifariki dunia Januari 6, 1919, akiwa na umri wa miaka 60.