PROFESA RÖNTGEN NA MKONO WA MKEWE

Askari aliyepata kufikishwa hospitali na risasi mwilini, au na mfupa uliovunjika, anaijua picha ya eksirei. Lakini ni wachache wanaojua kwamba picha ya namna hiyo iliyoushangaza ulimwengu kwanza ilikuwa ya mkono wa mwanamke, na kwamba aliyeipiga ni mumewe, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, tarehe 22 Desemba, 1895.

Röntgen alizaliwa Lennep, Ujerumani, tarehe 27 Machi, 1845, akakulia Uholanzi. Huko, katika mji wa Utrecht, alifukuzwa shule kwa kukataa kumtaja mwenziwe aliyechora picha ya kumdhihaki mwalimu. Jambo hilo lilimfungia milango mingi ya elimu, ila watu wa kikosi, nadhani, hawatamlaumu. Alisoma baadaye Zürich, Uswisi, akapata shahada ya udaktari mwaka 1869, na mwaka 1888 akawa profesa wa Würzburg.

Jioni ya tarehe 8 Novemba, 1895, alikuwa peke yake katika chumba cha giza, akipitisha umeme katika chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Chupa ile aliifunika kwa karatasi nene nyeusi, mwanga usipenye. Ghafula akaona karatasi iliyopakwa dawa, iliyokuwa mbali kidogo, inang'aa. Alipoweka mkono wake katikati, aliona kivuli cha mifupa yake mwenyewe. Kwa majuma kadhaa alifanya kazi kwa siri, asije akachekwa. Miale ile akaiita X, herufi ya kitu kisichojulikana. Kisha akamwita mkewe, Anna Bertha, akamwekesha mkono wake juu ya bamba la picha. Ilipotokea mifupa ya vidole pamoja na pete yake ya ndoa, mama yule aliingiwa na hofu, akaona kana kwamba ameonyeshwa kifo chake.

Majeshi hayakukawia. Mwaka 1898, katika vita vya Sudan, Meja Battersby wa jeshi la Uingereza aliwapiga picha majeruhi huko Abadieh, kando ya mto Nile, akipata umeme kwa baiskeli iliyokanyagwa na watu.

Lakini faida ya picha ya mkono haikuishia katika risasi. Uko ugonjwa wa baridi yabisi ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na adui, huvigeukia viungo vyenyewe, mithili ya walinzi walioielekezea bunduki ngome yao. Mgonjwa huamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kukakamaa, pengine kwa saa nzima au zaidi, hata kufunga vifungo vya sare ikawa taabu. Eksirei humwonyesha daktari nafasi kati ya mifupa ilivyopungua, na kingo za mifupa zilivyoliwa, hasa kwenye mashina ya vidole na kifundo cha mkono.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Miale ya Röntgen huonyesha mfupa vizuri, bali nyama iliyovimba huionyesha kwa shida. Katika miezi ya mwanzo picha yaweza kuwa safi na ugonjwa umo. Kwa hiyo siku hizi madaktari hutumia pia mashine ya mawimbi ya sauti, inayoonyesha uvimbe wa utando wa kiungo, na mashine ya sumaku, inayoona hata ndani ya mfupa kabla haujaliwa. Askari aliyeambiwa picha yake ni njema na vidole bado vinavimba kila asubuhi, na arudi kwa daktari. Dawa zikianza mapema huweza kuzuia uharibifu, bali mfupa ukishaliwa ni shida kuurudisha.

Röntgen alikataa kuuwekea uvumbuzi wake hataza. Aliuacha utumiwe na watu wote bure. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia, na fedha zake akakipa chuo kikuu cha Würzburg. Mkewe alifariki mwaka 1919. Yeye, akiba yake ikiwa imeliwa na mfumuko wa bei baada ya vita, alifariki München tarehe 10 Februari, 1923, akazikwa Giessen.