Maisha ya William Perkin, Kijana Aliyechagua Kemia

Kila mwaka, majibu ya mtihani wa kumaliza sekondari yatokapo, hutujia wazee pamoja na vijana wao kutaka shauri. Kijana amepata alama nzuri katika hisabati na kemia, naye ataka kwenda Chuo Kikuu kusoma uhandisi wa kemia. Mzee hajui kazi hiyo ni ipi. Udaktari aujua, uwakili aujua, na mhandisi wa majumba na madaraja amwona kwa macho yake. Ama huyu mhandisi wa kemia hajapata kumwona akipita njiani. Khofu yake ni kuwa atauza shamba la minazi alilorithi kwa wazee wake, alipe karo miaka mitano, kisha kijana arudi hana mbele wala nyuma.

Khofu hiyo si ya kulaumiwa, kwani mali ya mzee ni jasho lake. Walakini badala ya kukata shauri kwa maneno matupu, tumeona bora tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyefikwa na mas-ala haya haya, yeye na baba yake, zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita. Mtu huyo ni William Henry Perkin, Muingereza aliyetoa rangi ya zambarau katika lami ya makaa ya mawe, na kwa hiyo akafungua mlango wa viwanda vya rangi duniani.

Kuzaliwa kwake na masomo yake

Perkin alizaliwa London tarehe 12 Machi 1838, kitinda mimba katika watoto saba. Baba yake, George Perkin, alikuwa seremala na mjenzi aliyejikusanyia mali kidogo kwa kazi ya mikono yake. Nia ya mzee huyu ilikuwa mwanawe awe mchora ramani za majumba, apande daraja moja juu ya baba yake katika kazi ile ile. Nia hii si mbaya, na ndiyo nia ya wazee wengi wa kwetu.

Lakini kijana, alipokuwa wa miaka kumi na miwili hivi, alionyeshwa na rafiki yake namna chumvi mbalimbali zinavyoganda na kufanya vipande vyenye sura za ajabu. Jambo hilo likamwingia moyoni lisitoke. Katika skuli aliyokwenda, City of London School, kemia haikuwa somo lenye wakati wake. Mwalimu mmoja aitwaye Thomas Hall aliisomesha mara mbili kwa juma wakati wa chakula cha mchana. Perkin akawa aacha chakula chake ahudhurie darasa.

Mwalimu Hall aliiona alama hiyo na hakuipuuza. Alizungumza na mzee Perkin zaidi ya mara moja, akamweleza kuwa mtoto huyu amekusudiwa kazi nyingine. Mzee, ijapokuwa hakupendezwa, alikubali. Mwaka 1853, kijana akiwa wa miaka kumi na tano, aliingia Royal College of Chemistry mjini London, chini ya mwalimu mkubwa wa Kijerumani, August Wilhelm Hofmann. Haikupita miaka miwili akafanywa msaidizi wa mwalimu wake.

Alitafuta dawa akapata rangi

Siku zile kwinini, dawa ya homa tuijuayo sana sisi watu wa pwani kwa uchungu wake, ilikuwa ikitolewa katika magome ya miti iliyotoka milima ya Amerika ya Kusini, na bei yake ilikuwa kubwa. Hofmann alifikiri yawezekana kuifanya kwa vitu vitokavyo katika lami ya makaa ya mawe, yale masimbi yaliyobaki baada ya kutoa gesi ya taa. Katika likizo ya Pasaka ya mwaka 1856, Perkin alijaribu jambo hili katika chumba alichokigeuza mahali pa kazi, orofa ya juu ya nyumba ya baba yake.

Kwinini hakuipata. Alichopata ni unga mwekundu wa kahawia usiofaa kitu. Akajaribu tena kwa kitu chepesi zaidi kiitwacho anilini, akapata tope jeusi. Wengi wangalilimwaga wakaosha chombo. Yeye aliliosha tope lile kwa spiriti, akaona spiriti imegeuka zambarau nzuri mno. Akachovya kipande cha hariri, rangi ikashika. Akakiosha kwa sabuni na kukianika juani, rangi haikutoka. Wakati huo umri wake ulikuwa miaka kumi na minane.

Siku zile rangi nyingi za nguo zilitoka katika mimea, wadudu na konokono wa bahari. Rangi ya zambarau khasa ilikuwa ghali na ngumu kuipata. Perkin akafahamu kuwa alichokishika si mchezo.

Siku ya kuchagua

Alipeleka kipande cha hariri kwa watia rangi wa Pullar, katika mji wa Perth, Scotland. Jibu lilikuwa la kutia moyo pamoja na sharti: rangi hii ni ya thamani kubwa ikiwa haitaongeza mno bei ya nguo. Tarehe 26 Agosti 1856 akapata hati ya kumhifadhia haki ya uvumbuzi wake.

Sasa ikamlazimu achague. Hofmann alipopata khabari kuwa mwanafunzi wake ataka kutoka chuoni akajenge kiwanda, alikasirika sana. Tusimdhulumu mwalimu huyu. Yeye aliona kijana mwenye akili nadra aacha elimu na kukimbilia biashara, na kwamba huenda akapoteza vyote viwili. Perkin mwenyewe alikuwa na khofu hiyo hiyo, na alijiwekea ahadi kuwa hataacha uchunguzi wa elimu hata akiwa mfanyabiashara. Alitoka chuoni mwaka ule ule.

Ama baba yake, mzee aliyetaka mwanawe achore majumba, alitoa sehemu kubwa ya akiba ya umri wake wote akaitia katika kiwanda ambacho hakuna aliyejua kama kitasimama. Thomas, nduguye mkubwa, naye akajiunga nao. Twaona kuwa katika khabari hii yote, hakuna tendo lililohitaji moyo mkubwa kuliko tendo la mzee huyu.

Kutoka chupa hadi pipa

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu wafikiri vizuri, kwani hapa ndipo jibu la swali la wazee wetu lilipo.

Mwezi wa Juni 1857 walianza kujenga kiwanda huko Greenford Green, nje ya London, kando ya mfereji wa kupitia mashua. Perkin na jamaa zake hawakuwa wamepata kuingia ndani ya kiwanda cha kemia. Walichokijua walikisoma katika vitabu. Na mara wakatambua kuwa kufanya kitu katika chupa ni elimu moja, na kukifanya katika mapipa ni elimu nyingine.

Kina mama wa kwetu wanalijua jambo hili. Mwenye kupika wali wa watu wanne akitaka kupika pilau ya harusi ya watu mia nne, hawezi kuzidisha mchele na maji kwa mia moja akatumaini mema. Sufuria kubwa haipokei moto kama ndogo. Chini hushika ukoko na juu hubaki kiini. Mpishi wa harusi ana ujuzi wake, wa kuni, wa vyombo, na wa wakati wa kupalia. Vivyo hivyo katika kemia, na zaidi, kwani hapa chungu kikikosewa hakiunguzi wali bali hupasuka na kuua watu.

Benzeni, asili ya anilini, haikuuzwa ikiwa safi. Ilibidi waichuje upya kwa moto na mvuke. Tindikali kali ya shura waliyoihitaji haikupatikana sokoni, wakalazimika kuchanganya shura ya Chile na tindikali ya salfa ndani ya mitungi ya chuma waliyoibuni wenyewe, na khatari ya mripuko ilikuwapo kila siku. Joto likizidi ni maafa, na likipungua kazi haiendi. Pamoja na hayo, katika muda wa miezi sita walikuwa wakiuza rangi kwa mtia rangi wa hariri mjini London.

Tena ikaja taabu ya pamba. Rangi iliyoshika hariri ilikataa kushika pamba, na pamba ndiyo nguo ya watu wengi. Ilimbidi Perkin atafute dawa ya kuishikisha, akatumia tanini, kitu kile kipatikanacho katika magome kama ya mikoko yetu na kutumiwa kutengeneza ngozi. Kisha alikwenda yeye mwenyewe katika nyumba za kutia rangi kuwafundisha mafundi namna ya kuitumia. Basi alikuwa mwanachuoni, mjenzi wa mitambo, mlinzi wa maisha ya wafanya kazi na mwalimu wa wanunuzi wake, yote pamoja.

Kazi hii aliyoifanya bila ya mwalimu ndiyo leo inayoitwa uhandisi wa kemia. Jina lilikuja baadaye. Mwaka 1887 George Davis alitoa mihadhara juu yake mjini Manchester, na mwaka 1888 chuo cha Massachusetts Institute of Technology, huko Marekani, kikaanza kuisomesha kama fani mbali. Anachojifunza kijana huko ni namna joto linavyopita, namna maji na gesi zinavyokwenda katika mabomba, namna ya kutenga kitu na kitu, gharama yake, na usalama wa watu. Kwetu Kenya, Chuo Kikuu cha Moi ni katika vyuo visomeshavyo fani hii. Na mwenye kutaka kuiona kwa macho, na atazame saruji ya Bamburi, magadi ya Magadi, sukari, sabuni, na maji safi ya bomba.

Faida na khasara

Mwezi wa Januari 1858 Malkia Victoria alivaa zambarau katika harusi ya binti yake, na wanawake wa Ulaya wakaifuata rangi hiyo kwa wingi. Lakini mitindo haina ahadi. Baada ya miaka michache rangi nyingine mpya zilitokea, na zambarau ikapoa. Kilichomwokoa Perkin ni elimu yake. Mwaka 1869 alipata njia nafuu ya kufanya alizarini, rangi nyekundu ya mmea ambao Waarabu huuita fuwwa. Alipopeleka maombi ya hati tarehe 26 Juni, alikuta Wajerumani wamemtangulia kwa siku moja. Wakapatana kugawana soko. Kiwanda chake kilitoa tani 40 mwaka 1870, na tani 220 mwaka 1871.

Haki yataka tutaje upande wa pili. Wakulima wa fuwwa wa Ufaransa na nchi nyingine walipoteza riziki yao katika muda wa miaka michache. Na nili ya mimea, iliyotia rangi nguo kama kaniki zetu tangu zamani, nayo ilipata mshindani mwaka 1897 Wajerumani walipoanza kuuza nili ya viwandani. Kadhalika rangi hizi ziliacha masimbi yenye sumu katika mito. Mwenye elimu hii amebeba amana, na asiyejali majirani wa kiwanda chake hafai kupewa funguo zake.

Kurudi kwenye elimu na kufa kwake

Viwanda vya Ujerumani viliajiri vijana wengi waliosoma vyuoni, ilhali Uingereza haikufanya hivyo, na biashara ya rangi ikahamia huko. Mwaka 1874, akiwa wa miaka thelathini na sita tu na mwenye mali ya kumtosha, Perkin aliuza kiwanda chake. Hakukaa kitako kula faida. Aliitimiza ile ahadi yake ya ujana, akarudi kwenye uchunguzi wa kemia mpaka mwisho wa umri wake. Mwaka 1879 alipewa nishani na Royal Society, na mwaka 1906, uvumbuzi wake ulipotimiza miaka hamsini, akapewa cheo cha Sir. Alifariki tarehe 14 Julai 1907. Wanawe watatu wote walishika kemia, na wawili kati yao wakawa maprofesa.

Maneno yetu ya mwisho

Hatusemi kuwa kila kijana mwenye alama nzuri aende akasome uhandisi wa kemia. Asiyeipenda hesabu ataumia, na anayeitaka kwa kuwa amesikia ina mshahara mkubwa aelewe kuwa viwanda hufunguka na kufungwa. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza mwaka 1963, na mwaka 2013 kikaacha kusafisha. Aliyeshika jina la kiwanda alibaki mikono mitupu, na aliyeshika ujuzi alihama nao.

Lakini kwako wewe mzee mwenye kijana aachaye chakula chake kwa ajili ya somo, twasema: alama hiyo usiipuuze. Muulize mwalimu wake, kama Hall alivyomwendea seremala yule. Usiuze shamba kwa kukurupuka. Tazama kwanza misaada ya masomo na mikopo. Ila usimkatalie kwa sababu tu kazi yake huioni njiani. Mzee George Perkin naye hakuwa ameiona. Alimwona mwanawe, na hilo likamtosha.

Wabillahi taufiq.