John Harrison: Seremala Aliyeishinda Bahari kwa Saa

Wanachuo wenzangu, wapo kati yetu wanaopenda saa za kujaza, zile zisizo na betri. Ukifungua mfuniko wa nyuma unaona springi, vigurudumu vya meno, na gurudumu moja dogo linalocheza kwenda na kurudi bila kuchoka. Raha yake ni kuelewa kinachoendelea mle ndani. Na ukishaanza kuuliza, utakutana tu na John Harrison.

Huyu bwana alizaliwa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1693, mtoto wa seremala, naye akawa seremala. Chuo hakukanyaga. Kiongozi mmoja wa dini alimwazima nakala ya mihadhara ya Nicholas Saunderson, mwalimu wa Cambridge, naye akaikaa na kuinakili yote kwa mkono. Yaani, alisoma kwa notsi za kuazima kama sisi tu. Alipofika miaka 20 alikuwa tayari ameshatengeneza saa, karibu yote ya mbao.

Wakati huo meli zilikuwa zinapotea. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly, wakafa zaidi ya watu elfu moja. Tatizo lilikuwa kujua umefika wapi, mashariki au magharibi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, ndiyo maana jua la utosini hufika Dar es Salaam takriban dakika 40 kabla ya Kigoma. Kwa hiyo ukiwa na saa inayoshika wakati wa bandari ulikotoka, ukilinganisha na jua la hapo ulipo, unajua uko wapi. Lakini saa gani ingevumilia mawimbi, joto na baridi? Mwaka 1714 Bunge likaahidi pauni 20,000 kwa atakayepata jibu.

Harrison akaingia. Saa yake ya kwanza ya baharini ilikuwa na uzito wa kilo 34 hivi, na mwaka 1736 ilisafirishwa hadi Lisbon. Ya tatu ilimla karibu miaka 19. Humo ndimo alimobuni kipande cha metali mbili zilizounganishwa, kinachopinda joto likibadilika. Kifaa cha aina hiyo ndicho kinachozima pasi yako ya hosteli ikipata moto.

Mwisho akaona kwamba ukubwa si dawa. Gurudumu dogo linalopiga haraka halibabaishwi na mawimbi. Mwaka 1759 akamaliza saa ya nne, yenye upana wa sentimita 13 tu. Mwanawe William akasafiri nayo hadi Jamaica. Baada ya siku 81, ukishaondoa uchelewaji wake wa kawaida wa kila siku, ilikuwa imekosea sekunde 5 tu hivi.

Basi wakamlipa? Wapi! Bodi iliyosimamia zawadi ilisema huenda ni bahati. Baadhi ya wajumbe walikuwa wanajimu, walioamini jibu liko kwenye mwezi na nyota, siyo kwa fundi wa kijijini. Safari ya pili, Barbados mwaka 1764, ikafaulu tena. Wakampa nusu, tena baada ya kuifungua saa yake na kueleza kila kitu. Ilibidi Mfalme George wa Tatu aijaribu mwenyewe saa ya tano ndipo Bunge, mwaka 1773, likamlipa pauni 8,750 nyingine. Miaka mitatu baadaye akafariki, mzee wa miaka 80 na ushee.

Sisi tunaosomea ualimu tuna la kujiuliza hapa. Siku moja mwanafunzi ataleta jibu sahihi kwa njia ambayo haimo kwenye muhtasari wa somo. Tutaipima kazi yake, au tutauliza kwanza katokea wapi?