Safari ya Pili ya Mzee Kenyatta

Wapendwa wanandoa, hapa Meru na Embu wengi mmeagana mara mbili: mwenzi alipokwenda kazini ng'ambo, na tena alipomaliza likizo nyumbani. Kwaheri ya pili ndiyo nzito. Tazameni maisha ya Mzee Jomo Kenyatta.

Mwaka 1929 chama cha Kikuyu Central Association kilimtuma London kudai haki ya ardhi. Mkewe, Grace Wahu, alibaki na watoto. Kenyatta alirudi Septemba 1930, lakini hakukaa hata mwaka. Mei 1931 chama kilimtuma tena. Mwanawe Peter Muigai alikuwa na miaka 10, na Margaret Wambui miaka 3.

Safari hiyo ilichukua miaka 15. Huko alisoma, akaandika kitabu, vita kuu vikamkuta. Mwaka 1942 alioa mke mwingine, Edna Clarke, wakapata mtoto. Aliporudi Septemba 1946, Muigai alikuwa mtu mzima wa miaka 25, na Wambui msichana wa miaka 18. Taifa lilipata kiongozi, lakini utoto wao ulikwisha pita baba akiwa mbali.

Basi ninyi, kabla ya kufunga mizigo, ketini wawili. Mkubaliane kazi hiyo itakwisha mwaka gani, likizo ijayo ni lini, na kama familia inaweza kufuata. Waiteni watoto nao waisikie tarehe hiyo. Simu hupunguza upweke, lakini mwenye kungoja huhitaji kujua mwisho wa kungoja kwake.