Conrad Schlumberger: mwalimu aliyeiuliza ardhi kwa umeme

Katika ukurasa huu leo nawaletea mtu ambaye jina lake wanafunzi wa uhandisi na jiolojia mnalijua, ila mwenyewe hamumjui. Schlumberger! Wengi tunadhani ni kampuni ya mafuta tu, ile ambayo tangu mwaka 2022 inajiita SLB. Kumbe kwanza lilikuwa jina la mwalimu wa fizikia.

Kwa nini nimemchagua yeye? Nitasema ukweli. Kijijini kwetu, mkoa wa Singida, watu walichanga hela za kuchimba kisima. Wengine waliuza mbuzi. Kampuni moja ikaja na mtambo wake, ikachimba pale ambapo lori liliweza kufika kwa urahisi. Wakachimba wee, likatoka vumbi tupu. Hela haikurudi, na akina mama wakaendelea kubeba ndoo kutoka mbali. Hakuna aliyepima chochote kabla ya kuchimba, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba kuna kupima. Nilipofika hapa Sydney na kuanza kusoma mambo ya maji ya chini ya ardhi, jina la huyu bwana nikawa nakutana nalo kila mahali.

Conrad alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1878 katika mji wa Guebwiller, jimbo la Alsace. Wakati ule Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani, baada ya Ufaransa kushindwa vita mwaka 1871. Ukoo wao ulikuwa na viwanda vya nguo, kwa hiyo shida ya pesa hawakuijua. Mama yake, Marguerite de Witt-Schlumberger, alikuja kuwa kiongozi wa wanawake waliopigania haki ya kupiga kura Ufaransa. Ndugu yake Jean akawa mwandishi wa vitabu. Mdogo wake Marcel, aliyezaliwa 1884, akawa mhandisi, na huyo tutamkuta tena.

Conrad alisoma École Polytechnique, kisha akaingia kwenye mambo ya migodi, na mwaka 1907 akawa mwalimu wa fizikia katika chuo cha École des Mines, Paris. Swali lililomsumbua lilikuwa jepesi kulitamka: je, mtu anaweza kujua kilichomo ardhini bila kuchimba? Aliona kwamba miamba haipitishi umeme sawasawa. Mwamba mkavu na mgumu unauzuia. Udongo mfinyanzi unaupitisha, maji ya chumvi ndiyo kabisa.

Basi akaanza na alichokuwa nacho. Kwenye chumba cha chini cha chuo alijaza mchanga katika beseni kubwa la kuogea, akapitisha umeme na kupima. Mwaka 1912 akatoka nje, kwenye shamba la familia la Val-Richer huko Normandy, akachora ramani yake ya kwanza ya jinsi umeme unavyosambaa ardhini. Mwaka uliofuata njia za umeme zilimwonyesha madini ya shaba huko Bor, Serbia. Mambo yakawa yanaanza kunoga, mara vita ya 1914 ikaja, naye akaitwa kwenye kikosi cha mizinga. Kazi ikalala.

Baada ya vita, baba yake, mzee Paul, akafanya jambo ambalo wazazi wachache wangelifanya. Mnamo Novemba 1919 aliwaandikia Conrad na Marcel mkataba wa kuwapa hadi faranga 500,000 za utafiti. Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba sayansi itangulie, faida ifuate nyuma. Mwaka 1920 Conrad akatoa kitabu kuhusu kupima ardhi kwa umeme. Mwaka 1923 wakaonyesha uwezo wa njia hiyo kwenye eneo la mafuta la Aricești, Romania. Hata hivyo wateja walikuwa wa kubahatisha na pesa za mzee zikawa zinayeyuka. Mwaka 1926 wakaanzisha kampuni yao. Mwaka huohuo mzee Paul akafariki, kabla hajayaona matunda makubwa.

Matunda yenyewe yalikuja tarehe 5 Septemba 1927 huko Pechelbronn, Alsace, jimbo lilelile alikozaliwa Conrad, wakati huo likiwa limerudi Ufaransa. Mkwewe Henri Doll na wenzake walishusha vifaa ndani ya kisima cha mafuta cha karibu mita 500, wakawa wanasimama kila mita kupima na kuandika kwa mkono. Mchoro uliotoka ulionyesha tabaka za miamba moja baada ya nyingine. Hapo ndipo kampuni za mafuta duniani zilipoanza kugonga hodi, kuanzia Venezuela hadi Urusi. Conrad alifariki Stockholm tarehe 9 Mei 1936, akiwa njiani kurudi kutoka Urusi. Alikuwa na miaka 57. Marcel akaendeleza kazi.

Sasa tuje kwetu. Mafuta ni ya wenye mitaji, lakini ile njia ya mwanzo, ya juu ya ardhi, bado inatumika kutafuta maji Tanzania, Kenya na Uganda. Unapiga vigingi vinne vya chuma katika mstari mmoja. Viwili vya nje vinapeleka umeme ardhini, viwili vya katikati vinapima volti. Ukivisogeza vya nje mbali zaidi, umeme unazama zaidi, nawe unapata habari za chini zaidi. Huko Washington, Frank Wenner aliandika mwaka 1915 kuhusu mpangilio ambao nafasi kati ya vigingi ni sawa, na huo ndio rahisi kwa sisi wanagenzi. Gawanya volti kwa ampea upate omu, kisha zidisha kwa nafasi ya vigingi na kwa 6.28. Nafasi ikiwa mita 2 na umepata omu 10, jibu ni kama omu-mita 126.

Betri, nyaya, mita mbili za umeme na vigingi, basi. Na Sydney ni darasa zuri. Mawe ya mchanga, kama yale yaliyojenga majengo ya zamani ya University of Sydney, yakiwa makavu huzuia umeme sana. Nendeni magharibi, upande wa Blacktown, kwenye udongo mfinyanzi na sehemu zenye chumvi, namba zinaporomoka. Ila ombeni ruhusa kwanza, na mjue nyaya na mabomba yamepita wapi.

Tahadhari moja: namba peke yake haisemi kuna maji. Mfinyanzi mkavukavu usio na tone la kuchota unaweza kufanana na mchanga wenye maji. Ndiyo maana uchimbaji wenyewe unahitaji mtaalamu mwenye leseni anayeijua miamba ya mahali. Kwetu Singida, penye graniti, maji hukaa kwenye mwamba uliooza na kwenye nyufa, na ukikosea mita chache unatoka mtupu.

Sisemi mkirudi likizo mkawe wachimba visima. Nasema mkikuta kikao cha kuchangia kisima, msiishie kutoa hela. Mnyooshe mkono, muulize: mmepima? Kwetu swali hilo halikuulizwa, na shimo lile kavu bado lipo kando ya barabara.