Toribio de Mogrovejo: askofu mkuu aliyefwata raia wake mpaka milimani

Wakati mfalme Felipe wa 2 wa Hispania alimuchagua kuwa askofu mkuu wa Lima, ku nchi ya Peru, Toribio de Mogrovejo hakukuwa hata padri. Alikuwa mulei, mutu wa sheria. Alizaliwa Mayorga mwaka 1538, akasoma Salamanca, kisha akawa mwamuzi wa mahakama ya Kanisa kule Granada. Alijaribu kukataa, lakini ikashindikana. Wakamupa upadri na uaskofu, akavuka bahari, akafika Lima mwaka 1581.

Alikuta nini? Wahispania walikuwa wametawala Peru kwa karibu miaka 50. Wenyeji walitumikishwa ku mashamba na ku migodi. Mapadri wengine walifanya biashara ku mgongo wa waamini wao, na wengi walifundisha dini katika lugha ambayo raia hawakusikia.

Mwaka 1582 Toribio aliita mtaguso wa maaskofu, ukadumu mpaka 1583. Uliamua mambo mawili makubwa: padri anayefanya biashara atengwe na Kanisa, na mwenyeji afundishwe katika lugha yake. Ndipo mwaka 1584 katekisimu ikachapwa kwa Kihispania, Kikechua na Kiaymara. Ni kitabu cha kwanza kuchapishwa Peru.

Yeye mwenyewe alijifunza Kikechua. Kisha akashika njia. Jimbo lake lilikuwa kubwa sana: jangwa pembeni ya bahari, milima ya Andes yenye baridi kali, na pori ng'ambo. Alienda ku punda-farasi, na pale mnyama alishindwa, kwa miguu. Ziara ya kwanza ilichukua miaka kama 7. Katika miaka 25 ya uaskofu, zaidi ya nusu ilipita njiani. Ni katika safari hizo, kule Quives, alimupa kipaimara musichana ambaye leo tunamujua kama Mutakatifu Rosa wa Lima.

Wakubwa hawakufurahi. Mapadri wafanyabiashara na maaskofu wenzake wengine walimupinga, hata watawala walimushitaki kwa mfalme. Hakulegeza. Mwaka 1591 alifungua seminari Lima. Ingali inabeba jina lake.

Alifariki Alhamisi Kuu, tarehe 23 Machi 1606, ku kijiji cha Zaña, akiwa tena katika ziara. Kanisa lilimutangaza mutakatifu mwaka 1726, na mwaka 1983 Papa Yohane Paulo wa 2 akamufanya musimamizi wa maaskofu wa Amerika ya Kilatini.