Kocha Mfupi Aliyemshinda Nyota

Huku kwetu Osiri, timu ikifungwa mechi 3 mfululizo, wa kwanza kufungishwa virago ni kocha. Nyota akigombana naye, hukimbilia kwa mwenyekiti wa klabu, na kesho yake kocha hana kazi. Desturi hii imenikumbusha maisha ya Mmarekani Miller Huggins, aliyefariki mwaka 1929.

Huggins alizaliwa Cincinnati, akasomea sheria na kuhitimu mwaka 1902. Babaye, mcha Mungu, alichukia kuona besiboli ikichezwa Jumapili, hivyo kijana huyo kwanza alicheza kwa jina la bandia. Kimo chake hakikuzidi sentimita 168. Hata hivyo, alilinda kituo cha pili kwa ustadi katika timu za Cincinnati na St. Louis tangu 1904 hadi 1916. Jicho lake lilijua mpira wa kupigwa na wa kuachwa upite.

Mwaka 1913 alifanywa meneja wa St. Louis angali mchezaji, na mwaka 1918 akachukuliwa na New York Yankees. Mmoja wa wamiliki wawili hakumtaka, wala hakuacha kumpiga vita hadi alipouza hisa zake mwaka 1923.

Mwaka 1920 akaja Babe Ruth, mpigaji hodari kuliko wote wa zama zake. Jitu hilo lilikesha katika starehe na kumdharau meneja waziwazi. Agosti 1925 Ruth alipochelewa tena kufika uwanjani, Huggins alimtoza faini ya dola 5,000, fedha nyingi mno siku hizo, na kumsimamisha. Ruth akakimbilia kwa mmiliki, Jacob Ruppert, akitaraji meneja ataadhibiwa. Ruppert akasimama na meneja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: Ruth alilazimika kuomba radhi mbele ya wenzake.

Msomaji azingatie kwamba msimu huo Yankees walimaliza wa 7 kati ya timu 8. Kwingineko Huggins angetimuliwa. Yeye aliachwa aijenge timu upya. Akatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1926, 1927 na 1928. Mwaka 1927 timu yake ilishinda mechi 110 na kushindwa 44, na hadi leo wengi huihesabu kuwa bora kupata kutokea. Kwa jumla alitwaa ubingwa wa ligi mara 6, na mara 3 akashinda fainali kuu, World Series.

Alifariki Septemba 25, 1929, msimu ukiendelea, kwa sumu iliyoenea katika damu. Mwaka 1932 klabu ilimjengea mnara uwanjani mwake.

Heshima ya Huggins haikutokana na ukali wake peke yake. Ilitokana pia na mwajiri ambaye hakumgeuka siku ya dhiki. Viongozi wa klabu zetu wanaolilia nidhamu na wajiulize: mchezaji nyota anapobisha hodi usiku kumshtaki kocha, wao humjibu nini?